Mfumo wa Bure na Daftari la Mama Furaha

Jumatano, Lubaga, Kampala. Mvua imeanza asubuhi na bado haijakata. Dirisha la ofisi yangu linavuja palepale linapovuja kila mwaka, nami nimeweka ndoo ileile. Moyo wangu ni mzito na sitajaribu kuupamba.

Naandika kwa Kiswahili kama kawaida yangu, kwa sababu hapa chuoni hakuna anayejisumbua kukisoma. Wenzangu wana Kiingereza chao na Kiluganda chao, na Kiswahili wanakijua kama lugha ya askari anayekusimamisha barabarani. Sisi kwetu Bombo tulikulia ndani yake, pamoja na Kinubi chetu, baba akiwa askari na baba yake akiwa askari. Basi hapa ndipo ninapoweza kusema kitu bila ofisi ya pili kukisikia kabla ya chai.

Leo nina la kusema, na halinipendezi.

Mimi ndiye niliyeua mfumo.

Chuo chetu ni kidogo. Tunafundisha walimu wa chekechea, wale ambao tayari wako darasani lakini hawana cheti. Asubuhi wanakaa na watoto, mchana wanakuja kwetu. Wengi ni wanawake wa Bwaise, wa Kamwokya na wa mitaa ya karibu na mlima huu. Waganda, Wanubi wenzangu, na akina mama waliokimbia kutoka Kongo. Wanasoma miaka miwili, wanapata cheti, na siku hizi bila cheti hicho shule nyingi hazikutaki tena.

Miaka mitatu iliyopita nilisimama mbele ya halmashauri ya chuo na kuwaeleza habari za programu huria. Niliwaambia kwamba kuna mfumo wa kujifunzia mtandaoni ambao watu wameutengeneza na kuuachia dunia nzima. Unauchukua, unaufunga kwenye kompyuta yako, unaubadili utakavyo, na hakuna anayekudai leseni. Vyuo vingine vinalipa kila mwaka, nikasema, sisi hatutalipa kitu. Nilikuwa nimetengeneza na picha za kuonyesha ukutani. Kwenye fomu ya maombi kulikuwa na mstari ulioandikwa Gharama, na mbele yake nikaandika kwa mkono wangu: hakuna. Walipiga makofi, nikavimba kichwa wiki nzima.

Sikuwa nadanganya. Nilikuwa mjinga, na ujinga wenyewe ulikuwa wa mtu aliyesoma, ambao ni mgumu zaidi kutibu.

Cha bure kilikuwa leseni peke yake. Mengine yote yalitaka kulipiwa na mtu, na kwa kuwa nilikwisha kuandika hakuna, haikuulizwa ni mtu gani. Alilipa Rajabu. Rajabu alikuwa mtunza chumba cha kompyuta, kijana wa kwetu Bombo, kazi nilimtafutia mimi. Aliufunga mfumo kwenye kompyuta kuukuu iliyokuwa stoo, kando ya maboksi ya chaki, na tangu siku hiyo akawa fundi wake bila kuitwa fundi. Mfumo usio na gharama hauwezi kuwa na mshahara wa mtu. Aliutunza Jumapili zake. Walimu waliosahau nenosiri walimpigia simu akiwa msibani, na mmoja wa walimu hao alikuwa mimi.

Wanafunzi nao walilipa, kwa bando za mtandao. Hilo nalo sikuliona, kwa sababu mimi natumia mtandao wa ofisi.

Mama Furaha alilipa kwa karanga. Huyu ni mwanafunzi wangu, mtu wa Bukavu, mama wa watoto wanne, na Furaha ndiye mkubwa wao. Anafundisha chekechea ya kanisa moja huko Bwaise, na mchana akitoka anapita na kikapu cha karanga za kukaanga, zilizofungwa kwenye karatasi, mpaka anafika darasani kwangu na kikapu kikiwa nusu. Aliwahi kunieleza hesabu yake akicheka: akiuza pakiti kumi anaweza kuwasha simu kwa somo moja. Nilicheka naye. Nikanunua pakiti mbili nikajiona mwema.

Sasa nieleze kuhusu daftari, kwa sababu yote yameishia hapo.

Kila mwanafunzi wetu ana daftari la uangalizi. Kila siku ya shule anamchagua mtoto mmoja, anaandika alichokiona: ameshikaje kalamu, amecheza na nani, amelia kwa nini. Kila Ijumaa mkuu wa chekechea anatia sahihi chini ya kila ukurasa wa wiki hiyo. Wanafanya hivyo miaka miwili mfululizo. Cheti kinasimama juu ya daftari hilo kuliko mtihani wowote. Zamani walikuwa wanayaleta kwangu, rundo zima, nasahihisha mpaka vidole vinaganda. Mfumo ulipokuja, wakawa wanapiga picha kurasa zao na kuzipandisha, nami nasahihisha humohumo. Alama humo, kazi humo, maoni yangu humo. Ilikuwa safi kweli.

Siku ya kwanza ya kuwafundisha mfumo nilikuwa na raha ya ajabu. Nikasimama mbele ya darasa nikawaambia kwamba kuanzia leo, wakishapiga picha, madaftari yao ni ya kufungia karanga. Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Mama Furaha alikuwa amekaa mbele, anaandika kama kawaida yake. Yeye huandika kila ninachosema.

Nimeirudia sentensi hiyo kichwani leo mara nyingi sana.

Rajabu aliniomba diski ya pili mara tatu. Mara mbili kwa mdomo, na mara ya tatu kwa barua, karatasi nzima, kwa adabu zote. Alieleza kwamba nakala za akiba za mfumo zinakaa kwenye diski ileile yenye mfumo wenyewe, na diski hiyo imechoka, ikifa vitakufa vyote pamoja. Akaomba na mtu wa kusaidiana naye. Mimi nilikuwa na haraka ya kwenda sehemu ambayo hata siikumbuki. Nikachukua kalamu nyekundu nikaandika chini ya barua: Mfumo ni wa bure, tusianze kuugeuza mradi. Nikaitia kwenye droo. Hata kwa mkuu wa chuo haikufika.

Akaondoka muhula uliopita, amepata kazi kwenye duka la kompyuta huko Arua. Aliniachia karatasi yenye nenosiri na kumbukumbu za mfumo, akanieleza mambo mengi nikiwa naitika huku nasahihisha. Tangu hapo mfumo haukuwa na mtu. Kila nilipoufungua niliona mstari mwekundu juu ukisema unahitaji toleo jipya. Nikajitia hamnazo wiki baada ya wiki. Alhamisi iliyopita mstari ule ukanichosha, nikabonyeza. Nilidhani ni kama simu, inazunguka kidogo halafu inakaa sawa. Ikazunguka, ikazunguka, umeme ukakatika.

Uliporudi, kompyuta ilikuwa inatoa mlio wa kukwaruza tu.

Niliipeleka Kamwokya kwa fundi ninayemwamini. Amekaa nayo siku nne. Jana akanirudishia akasema diski imekwisha, hakuna alichoweza kutoa humo. Akanionyesha kwenye ile karatasi ya kumbukumbu za Rajabu, niliyompa pamoja na kompyuta, kwamba nakala za akiba zilikuwepo, za kila wiki, zimepangwa kwa utaratibu mzuri. Zote zilikuwa kwenye diski hiyohiyo.

Nilimlipa nikapanda boda nikarudi.

Leo asubuhi mkuu wa chuo ameniita. Bodi ya mitihani inataka alama za wanafunzi wa mwaka wa pili kabla ya Jumatatu, pamoja na kazi zenyewe kama ushahidi, na inataka pia ripoti ya kilichotokea. Mkuu wetu si mtu mbaya. Ila ana kawaida moja: jambo asilotaka liandikwe popote huniambia kwa Kiswahili chake kidogo. Alifunga mlango kwanza.

"Nyabo, wale watu ya bodi nataka jina moja tu," akasema, nyabo ikiwa ni bibi kwa Kiluganda. "Na Rajabu si alienda?"

Hakujua kwamba aliyebonyeza ni mimi. Hakujua habari za barua. Mimi nilijua yote mawili, na sikusema hapana. Nilisema nitafikiria. Nimeandika hapa ili nisije kujisahaulisha baadaye: nilisema nitafikiria.

Nikampigia Rajabu. Nadhani nilitaka anikaripie. Hakunikaripia.

"Dada Halima, mimi niliomba diski mara tatu," akasema. "Ile kitu ya bure ilikuwa inataka mtu." Halafu akamuulizia mama yangu, kama miguu bado inamsumbua, akasema ana mteja mbele yake.

Lilibaki tumaini moja, nalo lilikuwa madaftari. Jana jioni niliwatumia wanafunzi ujumbe: kila mmoja aje leo na daftari lake la karatasi kama bado analo. Sikulala vizuri. Lakini kuanzia saa sita wakaanza kuingia mmoja mmoja, wamelowa, madaftari yamefungwa kwenye kaveera, mifuko ya plastiki, mbili mbili yasipate maji. Mmoja alikuwa ameliweka chini ya godoro. Mwingine alilificha kwa mama mkwe wake. Nikawauliza kwa nini mmeyatunza wakati mimi nilisema hayana kazi tena. Walitazamana, kisha mmoja akasema kwa heshima kwamba umeme wa hapa wanaujua. Yaani hakuna aliyeniamini. Nilifurahi mpaka machozi yakanilengalenga, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Nikaanza kupanga rundo. Nitasahihisha upya yote, nikasema moyoni, hata nikikesha mpaka Jumatatu.

Mama Furaha akaingia wa mwisho. Alikuwa na kikapu chake kichwani, kimefunikwa nailoni. Daftari hakuwa nalo.

"Mwalimu, mi nilifungia mu karanga," akasema. "Njo vile ulisemaka."

Hakuwa ananilaumu. Alikuwa ananikumbusha tu, kama mwanafunzi mzuri anayerudia somo. Kisha akauona uso wangu.

Mmoja tu ndiye aliyeniamini, na ndiye huyu.

Nilijaribu kumweleza polepole. Kwamba mfumo umekufa, kwamba picha zake hazipo, kwamba wenzake wote wana karatasi. Alisikiliza amesimama. Za kwenye simu alikwisha kuzifuta zamani kupata nafasi. Halafu akateremsha kikapu, akakiweka mezani kwangu juu ya madaftari ya wenzake, akaanza kufungua pakiti. Moja baada ya nyingine, anamwaga karanga mezani, ananyoosha karatasi kwa kiganja, anaiweka pembeni, anachukua nyingine. Karanga zilitapakaa kila mahali, nyingine zikaanguka sakafuni. Nilimwambia aache. Hakuacha. Alifungua kikapu chote.

Baadhi ya karatasi zilikuwa za magazeti. Zilizotoka kwenye daftari lake zilikuwa kumi na moja, na kila moja ni nusu ukurasa, maana pakiti ndogo haihitaji ukurasa mzima. Nusu za juu zina mtoto, nusu za chini zina sahihi. Tulijaribu kuziunganisha kama watu wanaocheza. Zilizokubaliana zilikuwa mbili tu. Kwenye ukurasa huo mmoja, wenye madoa ya chumvi, ameandika habari za mtoto aliyehesabu mpaka saba peke yake kwa mara ya kwanza, kisha akageuka kutazama kama mwalimu amemwona. Ni kazi nzuri. Nakumbuka niliipa alama za juu, na nakumbuka kwamba yeye alikuwa miongoni mwa wanafunzi wangu bora. Kukumbuka kwangu si ushahidi.

Nilimwacha ofisini nikatoka kwenye veranda kuipigia bodi simu. Nilibembeleza. Yule mama aliyepokea alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionimaliza. Bila kazi hakuna alama. Anaweza kujiandikisha tena na wanaoanza, akasema, miaka miwili si mingi. Nikamwambia chekechea yake imemwambia wazi kwamba muhula ujao hawataki mwalimu asiye na cheti, na kwamba mshahara huo mdogo ndio kodi ya chumba chake. Akasema anasikitika. Nadhani alisikitika kweli.

Nimefikiria pia ujanja. Najisemea yote leo. Nilifikiria kumwambia aandike upya daftari zima usiku na mchana, halafu tumpelekee mkuu wa chekechea atie sahihi za Ijumaa zote za miaka miwili kwa siku moja. Nilimfikiria mkuu huyo, mwanamke mkali asiyependa uongo, na nikawafikiria wale watoto ambao wengi wamekwisha kwenda shule ya msingi. Hapo nikaona aibu.

Niliporudi ndani, Mama Furaha alikuwa amezipanga zile nusu kumi na moja vizuri mezani, amezilaza bapa chini ya kitabu changu.

"Mwalimu, nikianza daftari ingine leo, itafika?" akauliza.

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelisikia dakika mbili zilizopita, kwa sauti ya upole. Mdomo wangu ukafunguka nikasema, "Anza tu, Mama Furaha."

Akanishukuru. Akachukua kikapu kitupu, akajifunika nailoni, akatoka na mvua. Karanga amesahau, au aliona haya kuziokota mbele yangu. Ndizo alizokuwa auze leo.

Sasa ni saa kumi na moja. Nimezikusanya kwenye bakuli langu la chakula, hata za sakafuni nimeziokota na kuzipangusa. Mbele yangu kuna fomu ya ripoti. Ni fomu ileile ya miaka mitatu iliyopita, ofisi yetu ina fomu moja kwa maombi na kwa ripoti, na mstari wa Gharama uko palepale. Nimeandika kwamba aliyebonyeza ni mimi. Nimeambatisha barua ya Rajabu pamoja na maandishi yangu mekundu. Mkuu atakasirika, na huenda muhula ujao nikawa natafuta kazi na mimi. Nilidhani nikishaandika nitapumua. Sijapumua. Ripoti hiyo inamsafisha Rajabu, na mimi inaniadhibu kidogo, lakini Mama Furaha haimsaidii hata chembe.

Kwenye mstari wa Gharama bado sijaandika kitu. Kila nikishika kalamu naona uso wake akiwa amekaa mbele, anaandika ninachosema.

Nilitaka kuusifu mfumo huu hata leo, kwa sababu bado naamini waliouachia dunia walikuwa na nia njema. Walitupa mbegu bure. Sisi tukadhani na shamba litajilima. Lakini sina nguvu ya kutetea kitu chochote leo, hata nia njema, yangu ikiwemo.

Mvua imepungua. Huko Bwaise maji yatakuwa yamejaa njiani, naye anapita humo na viatu mkononi. Najua pa kwanza atakapopita kabla ya kufika nyumbani. Kuna kiduka pale karibu na kanisa lao, kinauza sabuni, mishumaa na madaftari. Atachagua lile kubwa lenye jalada gumu, atalichukua kwa mkopo, maana pesa ya leo hakuipata, na kesho watoto wakiingia darasani atamchagua mmoja aanze kumtazama.

Lazima nifike kwake asubuhi na mapema na bakuli hili la karanga, kabla hajaandika ukurasa wa kwanza.